Sindano Imetembea, Mzee Kamanzi

Mwaka umetimia leo, Mzee wetu Eddie Kamanzi, tangu ulipotuacha, na safari hii hatuji na kilio. Tunakuja na habari: sindano imetembea.

Wasiokujua watauliza sindano gani. Ya dira. Ulikuwa unakusanya dira za mfukoni, zile za zamani za Waingereza, za shaba, zenye kifuniko kama saa. Shemeji yako Hirwa aliziita saa zisizojua saa. Ulicheka tu, ukamwonyesha nyingine.

Kazi yako ilikuwa kupima viwanja. Majirani waliokuita wakigombea mpaka, uliwaacha wanakunywa chai pamoja.

Nyumbani kwako Kagugu, hapa Kigali, hakuna aliyeisogelea meza ya dira na simu, funguo wala mkanda wenye chuma, asije akazisumbua. Vyote vilibaki kwenye kikapu mlangoni. Hata padri alivua mkanda, akakaa ameshikilia suruali, nawe ukamwambia, "Karibu, Padri. Hapa wote tuko sawa."

Lakini moja ilikushinda. Uliiokota Muhima kwenye vyuma chakavu, katikati ya makufuli: London, 1917, na alama ya mshale wa jeshi lao. Sindano yake ilikuwa imelala tu, maana kile kichuma inachokalia kilikuwa kimeisha ncha. Mafundi walitaka kukuwekea kipya. Ukakataa. "Mgonjwa wa 1917 hatibiwi kwa vitu vya supermaketi." Ulitaka sindano ya gramafoni, ya enzi zilezile. Hata ulipolazwa, bado ulimuuliza daktari kama kwao kuna gramafoni.

Siku moja kwa dada yako Kimihurura, Hirwa aliapa mbele ya ukoo mzima: "Shemeji, hiyo ikitembea nabeba sanduku lako lote la dira kichwani, Kimihurura mpaka Kagugu."

"Anza kuzoesha shingo," ukamjibu.

Na neno lako la mwisho kwa binti yako Kirezi lilikuwa hili: "Ile ya Muhima msiiache imelala." Kirezi amelibeba mwaka mzima, na lilimnyima raha.

Mwezi huu dada yako Ingrid, kule Kimihurura, alikuwa anapanga upya vitu vya marehemu mumewe. Chini kabisa ikatoka gramafoni, na kopo la sindano limejaa. Miaka yote ulikunywa chai kwenye chumba hichohicho.

"Mimi hakuniuliza," alisema Ingrid. "Aliuliza Kigali nzima, dada yake akamruka."

Jumamosi tulipeleka sanduku lote kwake kwa gari, maana mkeo Kaliza hakutaka ile ya Muhima iende peke yake. Simu zikaingia kwenye beseni nje. Kirezi akaikata sindano ya gramafoni kama ulivyomfundisha, pumzi ameibana, akaisimamisha mahali pake, akailaza ya dira juu yake. Ikatetemeka. Ikazunguka polepole kama mtu anayeamka ugenini, halafu ikasimama kaskazini. Kirezi akalia, akacheka, akashindwa kuchagua.

Kaliza akamgeukia kaka yake. "Hirwa, ngata iko wapi?"

Akabeba kweli. Milima yote ile, sanduku kichwani, suti mwilini. Kijana wa pikipiki akasimama: "Muzehe, nikupeleke?"

"Hapana, mdogo wangu. Nimeshindwa na marehemu."

Mbele alitembea Kaliza, dira kiganjani. Barabara zilitupindisha huku na huku, lakini kila tulipotulia sindano ilirudi palepale. Kagugu iko kaskazini, Mzee. Njia nzima ilikuwa inaonyesha kwako.

Wanaokukumbuka ni mkeo Kaliza, binti yako Kirezi, dada yako Ingrid, na shemeji yako Hirwa, ambaye shingo bado inamuuma na anajisifu nayo. Jumapili baada ya misa ya shukrani, wote mnakaribishwa nyumbani kuiona.

Siku zote tutakukumbuka, Mzee. Kikapu kipo mlangoni.