Kodi Waliyosamehewa, Kazi Tuliyoandikwa

Ganjoni, Mombasa
Jumapili. Asubuhi ilianza kwa manyunyu, kisha jua kali.

Baba mpendwa,

Pokea salamu za binti yako. Goti linaendeleaje? Mimi ni mzima, tena nina habari njema: nimeandikwa kazi ya kudumu! Si mimi pekee, bali vibarua wote wa ghala letu la chai.

Unajua tulivyokuwa: kila alfajiri foleni langoni, karani aite majina, usiyeitwa urudi nyumbani. Alhamisi tulimwendea meneja kudai tuandikwe. Akatujibu, "Kampuni hii inajitegemea. Si kama viwanda vya sukari vya huko kwenu, vinavyookolewa na serikali."

Niliona amekitukana kiwanda ulichokitumikia. Nikamuuliza, "Na kodi mliyosamehewa?"

"Hiyo ni motisha, si msaada."

Bi Mwanaisha, anayeshona magunia, akaangua kicheko. "Haya bwana! Mmoja kasamehewa mchango wa arusi, mwengine kachangiwa. Pilau si wamekula wote?"

Sikukubaliana naye kabisa, nikasema palepale, "Si sawa, Bi Mwanaisha. Kiwanda cha baba kilisaidiwa kikiwa mahututi. Hawa wamesaidiwa wakiwa wazima, tena kwa ahadi. Mgonjwa akishindwa kulipa fadhila utamwelewa. Mzima ana udhuru gani?"

"Ahadi ipi?" meneja akauliza.

Nikatoa shajara yangu mkobani. Nikasoma tarehe ya ile sherehe ya kampuni, mvua iliyotukimbiza ghalani na soda zetu mkononi, na maneno ya mwenye kampuni siku ile: "Nafuu hii ya kodi tumepewa ili tuajiri. Kila kibarua ataandikwa."

Kumbe mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, anasikiliza. "Mvua ile naikumbuka," akasema. "Iliniharibia viatu." Akamgeukia meneja. "Waandike."

Baba, vigelegele vya Bi Mwanaisha vilisikika hadi barabarani! Jana tulitia sahihi barua zetu, mmoja mmoja, na karani wa lango ndiye aliyetukabidhi kalamu.

Nisalimie shangazi Nekesa, mwalimu wa kwaya, na kaka Wekesa, fundi wa baiskeli. Waambie Mombasa nimepata pa kusimama.

Mimi wako,
Nafula

Sasa ni saa tatu usiku, nalala. Kengele ya alfajiri sijaitega.