Bomba la siri la mchumba wake

Shoga, uko hapo? Mdogo wangu karudi kutoka kazini analia, hashikiki.

Ni yule mchumba wake wa ofisini. Si unajua walivyokuwa wakiandikiana kwa siri kwenye kompyuta kuu ya kazini? Unaandika amri ya mkfifo na jina la mwenzio, bomba la kupitishia ujumbe linazaliwa. Mmoja anatia maneno, amri yake inaganda pale mpaka mwenzake asome. Akishasoma, hakibaki kitu.

Leo kaona bomba jipya. Mwenye bomba ni mchumba wake. Jina lililoandikwa ni la binti wa meza ya dirishani!

Akalisoma. Shoga, akalisoma!

“Vumilia kipenzi, huyu nitamwacha taratibu.”

Taratibu! Na Jumapili wazee wake wanakuja kwetu!

Ngoja, kuna baya zaidi. Mdogo wangu alipousoma ule ujumbe, amri ya yule bwana ikaachia, naye akadhani binti ndiye kausoma. Akainua kichwa, akamtazama binti wa dirishani, akamtabasamia. Mdogo wangu kakaa katikati yao, anaona yote.

Sasa kalala mapajani mwa mama. Nikimuuliza ananijibu lile lile: “Dada, mimi hajawahi kunitabasamia vile.”