Maua ya Fava

Jumapili, 28 Aprili 2019
Gavino ana macho ya njano! Mkojo mweusi kama kahawa. Nilijua tu. Miaka thelathini na moja sijaingiza punje ya fava, yale maharage mapana, jikoni, tangu alipozaliwa wakaniambia damu ya mwanangu imepungukiwa kimeng'enya, akila fava inaharibika, na kasoro kairithi kwangu. Kwangu! Mwaka jana nilimng'ang'ania meya mpaka akatoa amri: marufuku kupanda fava mita mia tatu kutoka nyumba yetu. Jirani Priamo aling'oa shamba lake zima la fava, likiwa limechanua. Tangu hapo hanisalimu. Sasa kapanda kwa siri, mshenzi yule. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumatatu, 29 Aprili
Nimemfuata. Nimemtukana getini mtaa mzima ukisikia. Muuaji, nimemwita. Kanifungulia geti: "Ingia utafute."
Nimezunguka shamba lote na ndara zangu. Mbigili tupu. Hakuna hata bua moja.
"Umeridhika, jirani?"
Sikuridhika.

Jumanne, 30 Aprili
Gavino kalazwa hospitali ya Cagliari. Daktari — kabinti kadogo — anasema si fava. Ni virusi vya ini. Mtu mwingine angekuwa njano wiki mbili akapona. Huyu, chembe zake za damu hazina cha kujikingia. Virusi vimeingia, zinapasuka ovyo. Figo zimeanza kuchoka.
Na harufu ya maua? nikauliza.
"Harufu haimdhuru, mama. Kula ndiyo hatari."
Miaka thelathini na moja nafunga madirisha kila majira ya fava!
Akauliza kama alikula kome wabichi, maana virusi hivyo hukaa humo, kiasi cha mwezi uliopita. Nikasema sikumbuki.
Nakumbuka. Tarehe 30 Machi, siku yake ya kuzaliwa. Niliwanunua mwenyewe, kwa yule mtu wa ufukweni asiye na kibali. Gavino alisema, tuwachemshe, Mama. Nikamwambia limau linaua kila kitu. Wakawa wachache, nikamwachia wote.

Jumatano, 1 Mei
Sikukuu ya mtakatifu wa mji. Ng'ombe wamevishwa maua, barabara zimefungwa, na damu imepungua hospitali. Wanaomba ndugu wajitolee. Yangu hawaitaki, nimepita umri.
Nageuka — Priamo kwenye foleni! Na shati la kanisani.
Nani kakuita? nikamuuliza.
"Hakuna."
Muuguzi aliyempima akarudi na karatasi. Haiwezekani. Damu ya Priamo ina kasoro ileile ya Gavino, mgonjwa huyu haimfai.
Nikamgeukia. Na fava zote zile?
"Nilikuwa nauza. Sijawahi kutia mdomoni. Nimekulia katikati ya maua yake, Peppina. Ungeniuliza tu."
Hajaondoka. Kakaa kiti cha pili, kofia magotini. Gavino haitiki tena nikimwita.
Daktari katoka sasa hivi. Watu wengine watatu waliokula kome wameugua, watu wa afya wanamtafuta muuzaji kabla hajauza tena leo.
"Mama, jaribu kukumbuka. Kama alikula kome, nani aliwanunua, na kwa nani?"
Priamo ananitazama. Nimefungua daftari hili, najifanya natafuta tarehe —