Mbalanga na Akili za Shangazi

Mama,

Shikamoo. Huku Katesh tuko salama. Tangu tukuzike Tlawi, watu wa kule hawajabadilika. Tumepata mkoa wetu wa Manyara, simu zimefika mpaka Maretadu, lakini akili zimebaki zizini.

Unakumbuka walivyokukataza kukamua? Eti mabaka ya mikono yako yatahamia kwa ndama. Ukaacha, ukalia, na ndama wakaendelea kuzaliwa na mabaka. Dume la Shangazi lenyewe lilikuwa na mabaka kuanzia pua hadi mkia! Hakuna aliyelitazama. Wajinga wale.

Sasa mjukuu wako Neema ametokewa na baka jeupe kidoleni. Wiki iliyopita Shangazi akaja na chupa ya dawa, ileile iliyokuunguza mikono. Akasema, "Mkosi huo wa mama yako lazima uchomwe ukiwa mdogo." Nilimpokea vizuri, nikampa chai, kisha nikaimwaga dawa yake chooni mbele ya macho yake.

Maana nilishampeleka mtoto kwa daktari wa ngozi, Mama, na laiti ningempata ukiwa hai. Alinieleza polepole. Ndani ya ngozi kuna seli zinazotengeneza rangi. Kwenye damu kuna seli nyeupe, walinzi wa mwili, ambazo kazi yao ni kuua seli zilizoingiwa na virusi. Kwenye mbalanga, baadhi ya walinzi hao huzidhania seli za rangi kuwa adui. Huzifuata mpaka kwenye ngozi na kuziua. Ngozi inabaki nzima, ila imekosa wa kuitia rangi. Hakuna laana. Haiambukizi, si kwa maziwa wala kwa kushikana mikono.

Halafu akasema jambo lililonikata maini: ngozi ikiunguzwa au kuchubuliwa, baka jipya linaweza kutokea palepale. Kwa hiyo yale yaliyopanda mpaka viwikoni mwako baada ya dawa, huenda walikuletea wenyewe. Wakayaona, wakasema laana imekomaa! Nawadharau, Mama. Nimejaribu kusamehe, Padri amenisihi, lakini bado nawadharau.

Neema amepewa dawa ya kupaka, ya kuwatuliza walinzi hao. Daktari hakuahidi kwamba rangi itarudi yote, nami simdanganyi mtoto.

Shangazi alipoondoka, Neema alimpa mkono kumuaga. Yule mama mzima akaficha wa kwake ndani ya kitenge. Mtoto akamwangalia kwa huruma kabisa. "Pole, Bibi. Mkono unauma?"

Shangazi akashika njia. Alitembea mpaka stendi bila kugeuka.

Lala salama, Mama yangu. Wewe ulikwenda kanisani miaka yote ukiwa umefunika mikono hata kwenye jua kali. Nakuahidi, Neema hatafunika yake.

Mwanao,
Paskalina