Damu ya Ildefonsi

Jumanne, 6 Juni 1978. Kasulu
Nimeambiwa. Mdogo wangu Ildefonsi alibaki nje kwenye benchi, anakula karanga. Daktari Hamis aliniita peke yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyemlea tangu tulipovuka kutoka Burundi bila wazazi.

Shingo haina uvimbe. Pua haitoi damu tena. Sindano za kansa alizochomwa hospitali ya Mwanza zilifanya kazi — kila mtu anaona. Lakini damu iliyopelekwa Ulaya mwezi wa tatu imejibiwa. Daktari alinieleza polepole. Kansa hii ya koo, nyuma ya pua, inafuatana na virusi. Mwili hutengeneza kinga ya kupigana navyo. Matibabu yakishika, kinga hiyo hushuka. Ya Ildefonsi ilishuka mwaka jana. Sasa imepanda kuliko alipokuwa hoi.

Nikauliza, imerudi? Akasema kipimo ni kipya, bado wanajifunza, ila hapendi anachokiona. Sindano haziwezi kurudiwa, mwili hautazistahimili. Mionzi? Ng'ambo tu.

Nilipotoka Ildefonsi akauliza, "Dada, wanasemaje?" Nikasema, wanasema ule vizuri. Akacheka.

Jumatano, 7 Juni. Kumsenga
Tumerudi nyumbani na lori la mahindi. Njia nzima aliimba, sauti yake ile ya zamani. Nilitamani anyamaze.

Jumapili, 18 Juni
Anataka kuoa. Esteri, binti wa mzee Bazilio, aliyemsubiri muda wote wa hospitali. Ameshafyatua tofali za nyumba, mimi sina habari. Nikampakulia ugali.

Jumapili, 25 Juni
Tulikwenda kwa mzee Bazilio. Pombe ya ndizi, mirija, wazee wote. Mzee akanigeukia mbele ya watu: "Mwalimu, wewe ndiye unayekwenda naye kwa daktari. Kijana amepona?"

Nikasema daktari ameipapasa shingo, hakukuta uvimbe.

Ni kweli. Kila neno ni kweli. Wakapiga makofi. Ildefonsi hakupiga, alikuwa ananitazama.

Jumatatu, 26 Juni
Jioni, tukimenya mihogo, akasema hataki kutolewa damu tena. "Wakinitoa mimi, unakonda wewe."

Sijui ameelewa kiasi gani. Ningeweza kumwambia palepale. Nilimenya mihogo.

Alhamisi, 29 Juni
Analala kinywa wazi. Pua imeziba upande mmoja. Anasema ni vumbi la kiangazi. Nami nikasema ndiyo, vumbi.

Mungu, kama unasikia — hapana. Niliomba sana mwaka jana.

Jumapili, 2 Julai
Ndoa imetangazwa kanisani mara ya kwanza. Padri aliuliza kama kuna mwenye kujua kizuizi. Niliangalia viatu vyangu.

Mchana huu Esteri amekuja na maharage mabichi. Tumeyapukuchua jikoni. Kisha, bila kuinua macho:

"Wifi, baba aliuliza shingo. Mimi nauliza damu."

Nikamwambia ngoja, nakuja. Nimeingia chumbani, nimeshika kalamu, kana kwamba kuandika kutanionyesha jibu. Nikisema, namnyang'anya Ildefonsi kitu pekee alichobakiwa nacho. Nisiposema, namfanya binti wa watu mjane.

Esteri bado yuko jikoni, anachochea moto. Ildefonsi ameingia uani, anamwita kwa jina. Haitiki. Ananisubiri mimi.