Kitako cha Tangi Chini ya Lori

Kijijini kwetu, ng'ambo ya Usinge,
majira ya kufunga tumbaku

Dada yangu Kabula,

Kabla sijakuamkia, nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu mwingine yeyote: siku ile ya lori sikuwa natania. Hapa kijijini kila mtu anasema Nyamizi alimfanyia dereva utani, na mpaka leo wakinikuta kisimani wanacheka. Mjomba Masanja hacheki. Huenda ameshamwandikia baba kwamba nilichezea uchungu wa mkewe. Ndiyo maana barua hii nimeiandika kwa jina lako, maana najua tangu uanze kisomo cha jioni unasoma mwenyewe. Usimpe mtoto akusomee.

Sasa shikamoo, dada. Mguu wa mama umepoa? Na yule ndama mwekundu, ameacha kunyonya? Mimi mwili wangu ni mzima, ila viganja vina malengelenge, na usingizi unanijia kwa shida. Tangu nimalize shule na kuja huku kwa mjomba nimepewa kazi ya kutunza stoo ya kijiji. Naipenda, kwa sababu vyuma havikuulizi mbona uko kimya.

Unakumbuka nilikueleza kuhusu lori letu la kijiji. Barabara ya kwenda Kaliua tuliikata wenyewe, siku za kazi za pamoja, tukifuata ile njia ya zamani ya misafara. Miti tuliikata, visiki vikabaki. Nyasi zikiota, huvioni. Mwezi uliopita kisiki kimoja kilitoboa sampo, lile bakuli la chuma chini ya injini linaloshika oili. Oili ikamwagika yote mchangani, na mzee mmoja aliyekuwa anapelekwa hospitali ikabidi abebwe kwa machela kupita pori zima. Alipona, lakini kamati ilisema: hapana tena. Sampo ikaletwa nyingine, kisha tukaambiwa, mimi na dereva, tuchague bamba la kuikinga.

Dereva wetu ni Mgogo wa Dodoma, Mzee Chilewa. Wewe unajua Mgogo na Mnyamwezi walivyo watani. Siku niliyofika tu alinipokea mzigo akasema, "Kumbe Wanyamwezi siku hizi mnabebewa?" Tangu siku hiyo hatujawahi kusemezana neno la kawaida. Mimi mwenye haya, ambaye mbele ya walimu sauti ilikuwa haitoki, kwa Chilewa najibu. Utani ni kama kibaraza: hata asiyejua kuingia nyumbani kwa watu anaweza kukaa pale.

Stoo ilikuwa na vitu viwili vya kufaa. Kimoja ni bati la pipa la mafuta, lililokunjuliwa. Jepesi, linakatika kwa patasi, linang'aa. Kingine ni kitako cha tangi kuukuu la maji, chuma kinene, kizito, chenye kutu, lakini ukingo wake umepinda kwenda juu kama ungo. Chilewa alichagua pipa. Alisema kile kingine kitalilemea lori mbele.

Mimi nilivijaribu alipokuwa hayupo. Nililaza bati la pipa juu ya mawe mawili nikaliachia nyundo kubwa. Lilikunjika, na mdomo wake wa mbele ukaning'inia. Nikafanya vilevile kwa kitako cha tangi: kililia kama kengele, kikabaki na alama ndogo tu. Hapo ndipo nilipoogopa, dada. Bamba likining'inia mdomo, kisiki hakitateleza chini yake. Litakishika kama jembe linavyoshika mzizi, na lori likiwa linakwenda, litang'oka lenyewe pamoja na sampo. Bora lisingewekwa kabisa.

Nikamwambia, mbele ya watu waliokuwa wakipakia tumbaku. Nilijikaza nikasema, "Mzee Chilewa, bati la pipa litakunjika."

"Likikunjika tutalikaangia karanga," akasema.

"Nasema kweli. Tuweke kile kitako cha tangi."

"Msikieni! Mnyamwezi ukimpa lori anatafuta ngata alibebe kichwani, leo anataka kunifundisha vyuma!" Wakacheka wote. Na mimi, dada, mdomo wangu ukacheka nao. Nilikuwa nimemwambia neno zito, naye amelipokea kama tunavyopokeana kila siku. Ningekasirika, ningeonekana sina adabu, maana mtani hakasirikiwi. Ningekwenda kwa mjomba, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati, angeniuliza mbona namchongea dereva. Bati la pipa likafungwa. Mimi nikachora matundu yake kwenye kitako cha tangi kwa mkaa, nikayatoboa kwa drili ya mkono, kidogo kidogo, kila nilipobaki peke yangu stoo. Sikujua nafanya kwa ajili gani.

Kisha mkaza mjomba akashikwa na uchungu kabla ya wakati wake. Mkunga alimtazama akasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali sasa hivi. Jua lilikuwa linachomoza. Lori halina betri nzuri, linawashwa kwa hendeli, ule mpini wa chuma wa kuzungusha mbele ya injini. Walipokuwa wanamtoa ndani, nikaiona hendeli imelala kwenye bampa. Nikaichukua, kama watani wanavyotekana vitu. Nikaketi juu yake mlangoni pa stoo, nikaifunika kwa kanga.

"Hendeli yangu iko wapi?" Chilewa akauliza, kisha akaniona. Akapiga makofi. "Haya, nimetekwa! Mtani, nijikomboe kwa kitu gani? Jogoo?"

"Sitaki jogoo," nikasema. "Toa bati la pipa, weka kitako cha tangi. Matundu yako tayari."

Watu wakaangua kicheko. Mjomba akaja mbio. "Nyamizi! Mkaza mjomba wako anaumwa, wewe unacheza?" Akanyoosha mkono anivute.

Chilewa akamzuia. "Mwache, mwenyekiti. Mtani akishika, ameshika. Ukimnyang'anya wewe, mimi nitachekwa mpaka Dodoma." Akavua shati, akalala chini ya lori. "Nileteeni spana, nimalize deni la Mnyamwezi huyu!"

Nilifikiri itakuwa kazi ya kupepesa jicho. Lakini nati mbili zilikataa. Jua likapanda. Mkaza mjomba alikuwa ameegemea ukuta wa stoo, ameuma kanga kwa meno, na kila uchungu ukija alikuwa ananitazama mimi. Nilitaka kuitupa ile hendeli miguuni pa mjomba nikimbilie porini. Kama nimekosea? Kama siku hiyo hakuna kisiki? Nilikuwa nampa Chilewa nati, nikikata vipande vya tairi vya kuweka kati ya bamba na lori, na kila mtu akiona nacheka. Nilikuwa nacheka kweli. Sikuweza kuacha.

Tuliondoka asubuhi imeshakwisha. Nilipanda nyuma kumshikilia mkaza mjomba, pamoja na mkunga. Mjomba hakunitazama. Tulipoingia kwenye nyasi ndefu, kulikuwa na kishindo, lori likainuka mbele, sote tukarushwa. Nikasikia chuma kikisagika chini yetu, kirefu, kutoka mbele mpaka nyuma. Kisha lori likatua. Injini ilikuwa bado inanguruma.

Chilewa alishuka akatambaa chini. Nami nikashuka. Kwenye kitako cha tangi kulikuwa na mfereji mweupe ambao ungeweza kulaza kidole ndani yake. Nikaigusa sampo: vumbi tupu, hakuna oili. Tukatazamana pale chini, uso kwa uso. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

"Mtani," akasema, asimalizie.

"Twendeni!" mjomba akapiga kelele huko juu.

Mtoto alizaliwa ndani ya lori, mapaa ya Kaliua yakiwa yanaonekana. Ni msichana. Yu hai, na mama yake yu hai, lakini damu ilimtoka nyingi na bado yuko kitandani. Mjomba anasema tungeondoka jua lilipochomoza angejifungulia mikononi mwa wauguzi. Labda ni kweli. Kile kishindo, kwake ni visiki kama siku zote. Muda wa asubuhi ile niliuchukua mimi, siwezi kusema sikuuchukua.

Bati la pipa Chilewa amelifanya chano cha kulishia kuku. Ananitania kuliko zamani, ananiita jambazi wa misafara. Lakini juzi mjomba aliponigombeza mbele yake, aliinamisha kichwa, kisha akafungua mdomo. Nilijua anataka kusema. Nikamwahi: "Mgogo, umekuja kuomba chumvi tena?" Akanitazama sana. Akacheka.

Wasalimie kwa mpangilio huu: mama kwanza, kisha baba, bibi yetu wa jikoni mwambie ugoro wake nimemtafutia, na shemeji mume wako. Baba akiuliza kuhusu lori, mwambie Nyamizi alikuwa anatania, amejuta, na anamwomba mjomba radhi. Niache nigombezwe. Kamati ikijua dereva alionywa akapuuza, Chilewa atanyang'anywa lori. Yeye mwenyewe ameshajua, lakini watu wakianza kusema kwamba siku ile nilikuwa namwonya kweli, hatanipa tena nafasi ya kumchezea. Na barabara ile, dada, bado ina visiki. Siku nyingine nitakuwa na neno zito la kusema, na sina mlango mwingine wa kulipitishia ila utani. Kwa hiyo lifunge moyoni mwako, hata mumeo asilijue.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Nyamizi