Shukrani ya Bibi Adler

Stanmore, 15 Juni 2003

Dada Zipporah,

Huku ni mvua tu. Bibi Adler, yule mzee Myahudi ninayemtunza, amepona nimonia. Wiki sita nzima watu wa sinagogi yake walipokezana kumletea supu, na mimi nikaosha vyungu vyao nimenuna. Dada, wivu ulinikaba. Mara mbili niliwaambia mlangoni kwamba bibi amelala, na hakuwa amelala.

Jana nilimpeleka sinagogi kwa kiti chake cha magurudumu. Kwao, aliyeponea chupuchupu humshukuru Mungu mbele ya wote, nao humjibu kwa pamoja kwamba Mungu azidi kumtendea mema. Alisimama ameushikilia mkono wangu, akashukuru.

Sikukuambia, lakini mwezi wa tatu nilipasuliwa tumbo. Nilitoka hospitali peke yangu, nikapanda basi na mfuko wangu, na wiki nzima hakuna aliyenibishia hodi. Mama asijue.

Basi jana walipoitika, nami niliitika kwa Kikamba, kwa sauti ya kuwashinda wote. Bibi akanibusu mkono, akidhani ninamwombea yeye.

Mdogo wako,
Mwende